Raba za Mama Dorine

Mashine ya kufulia ilifika Mjimwema, Songea, siku kumi na moja baada ya mwenye mashine kuondoka.

Dorine aliinunua Dar es Salaam kwa ajili ya mama yake, Renatha, ambaye mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Akiinamia beseni, mpaka ashike ukuta ndipo ainuke. Aliipakia kwenye lori la mtu anayeleta bidhaa Songea. Lakini lori halijaondoka, uchungu ukamshika Dorine kabla ya siku zake, akajifungua mapacha wadogo kama njiwa. Renatha alipopata habari hakusubiri kitu. Alikunja vitenge vinne, akafunga unga wa ulezi wa uji wa mzazi, akapanda basi la kwanza.

"Miezi mitatu tu, Baba Dorine," alimwambia mumewe pale stendi. "Watoto wakikaza shingo, narudi."

Mumewe, Tadei Haule, alikuwa na miaka sitini na minne. Thelathini na moja kati ya hiyo aliimalizia kwenye kazi ya maji, akifukua na kufukia mabomba ya mji huu, hadi leo akipita mtaani anajua chini ya miguu yake kuna nini. Kwa hiyo mashine ilipoteremshwa uani kwake, yenye kioo cha duara mbele kama jicho la samaki, haikumtisha. Alijenga mnara wa matofali, akalipandisha juu tangi la maji ili yashuke kwa nguvu, akavuta bomba hadi jikoni, na maji machafu akayaelekeza kwenye migomba. Kazi ya siku tatu. Kisha akaifunika mashine kwa kitenge cha mkewe, akaiacha imsubiri mwenyewe.

Watoto walikaza shingo. Wakakaa. Wakatambaa. Dorine akarudi kazini, mumewe akahamishiwa Kahama, na kila msichana wa kazi aliyeletwa alikaa wiki mbili akaaga. Miezi mitatu ikazaa saba, saba ikazaa mwaka, na mwaka nao ukapata mwenzake.

Mwezi wa nne wa kukaa peke yake, kola za mashati zilipokuwa zimemshinda kwa mikono, Tadei aliifunua mashine. Dorine alimwelekeza kwa simu, kitufe kwa kitufe. Alipoona nguo zinazunguka nyuma ya kioo alivuta kigoda akakaa kuzitazama mpaka mwisho, saa nzima na dakika zake, kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufanya siku ile.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alipika, alifagia, alipalilia shamba lake la mahindi kule bondeni. Tatizo lake lilikuwa mkono. Mkono ulizoea kusonga ugali wa watu wawili na haukutaka kujifunza kipimo kingine. Kila siku nusu ilibaki kwenye sufuria, na kila asubuhi aliwamwagia kuku. Kwenye jumuiya ya sala, mwaka wa kwanza, walikuwa wakimuuliza, "Mama Dorine anarudi lini?" naye akijibu, "Karibuni tu." Mwaka wa pili hawakuuliza. Hapo ndipo alipoumia. Ilikuwa kama wao wamekwisha kujua jambo ambalo yeye alikuwa bado hajaambiwa.

Kila jioni saa kumi na mbili simu ililia.

"Habari za huko?"

"Salama. Za huko?"

"Salama kabisa. Umekula?"

"Nimekula. Wajukuu?"

"Wazima. Hao wanapanda makochi."

Halafu mapacha hulia, au kitu huanguka, na Renatha husema, "Ngoja, nitakupigia." Hapigi tena mpaka kesho yake saa kumi na mbili.

Mwaka huu, mwishoni mwa Juni, Renatha alipiga asubuhi. Tadei alishtuka, akafikiri kuna msiba.

"Nakuja," alisema Renatha. "Shemasi Yohanes anapewa upadre Peramiho Jumatano ijayo. Mtoto wa marehemu dada yangu, nisipokuwepo mimi nani atasimama upande wa mama? Dorine amechukua likizo ya wiki moja. Nitafika Jumatatu asubuhi."

"Karibu," alisema Tadei, kama anayemkaribisha mgeni; alipokata simu alijicheka kwa neno hilo.

Siku tano zile alifanya kazi kuliko mtu anayetarajia askofu. Alipiga chokaa ukuta wa mbele. Alifua mapazia, mashuka, na vitambaa vya makochi ambavyo Renatha alivifuma mwenyewe. Alipokuwa akifagia chini ya kitanda, ufagio ukagonga kitu. Akainama, akazitoa raba za mkewe.

Zilikuwa raba za turubai, nyeupe, zenye soli nene. Renatha alizinunua mwaka ule daktari alipomwambia presha yake inapanda na dawa ya kwanza ni kutembea. Tadei alimkataza rangi. "Nyeupe, kwa udongo huu wa Songea?" Renatha akamjibu, "Nitafua." Na kweli, kila Jumamosi alizifua kwa mswaki wa zamani mpaka zikang'aa. Alfajiri wakawa wanatoka wote wawili kuelekea njia ya Matogoro, yeye Tadei na buti zake za kazini, mkewe na raba zake, wakitembea bila kusema mengi. Vijana waliokuwa wakipeleka maziwa mjini waliwatania: "Wazee, mnamkimbia nani?" Renatha akawajibu, "Tunamkimbia daktari!"

Sasa zilikuwa na tope jekundu la Februari ile aliyoondoka, limekauka na kuwa gumu kama gamba. Tadei alizitazama, akaamua. Mkewe atazikuta nyeupe.

Ijumaa asubuhi alizipigapiga ukutani tope likapukutika, akazitupa kwenye mashine jinsi zilivyo, kamba zake, soli zake za ndani, kila kitu, akamimina sabuni ya unga, akabonyeza. Kisha akaenda chumbani kutandika kitanda.

Akiwa katikati ya kutandika alisikia mtu anagonga mlango. Ko, ko, ko. Hodi yenye nguvu, ya mtu asiyetaka kuondoka. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaweka kola ya shati sawa, akaenda haraka sebuleni. "Karibu, karibu!" alisema kabla hajafika, akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Jua la asubuhi lilikuwa limelala uani, na kuku wawili walimtazama. Ko, ko, ko, kukasikika nyuma yake, jikoni.

Tadei alibaki ameshika mlango. Alitamani acheke, kicheko hakikuja. Aliwaza kwamba tangu Pasaka hakuna mtu aliyegonga mlango ule, na kwamba miguu yake ilikuwa imekimbia kuliko ilivyowahi kukimbia mwaka mzima.

"Shikamoo baba!" Sauti ilitoka pembeni ya nyumba. Alikuwa Hilda, nesi kijana aliyepanga chumba cha uani. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na kelele zilimwamsha. "Baba, unatwanga nini humo ndani?"

"Marahaba, mwanangu. Nafua raba za mama yako."

"Zenyewe tupu?" Hilda aliingia jikoni, akatazama kioo. Raba zilikuwa zikipanda na kuanguka kama mawe. "Simamisha, baba! Utaiua mashine na utaziua raba."

Walisubiri mlango ukubali kufunguka. Hilda alizitoa, zinachuruzika maji mekundu, akakaa chini kwenye kizingiti akamfundisha. Kamba zinavuliwa, zinafuliwa peke yake. Soli za ndani zinatolewa, maana zikilowa zinavimba na kunuka. Tope linasuguliwa kwanza kwa mswaki kabla raba haijaona mashine. Kisha raba zinatiwa kwenye foronya, foronya inafungwa mdomo, na pembeni yake yanawekwa mataulo mawili ya zamani ili zisigonge. Maji baridi, sabuni kidogo, mzunguko wa taratibu.

"Maji ya moto yanalegeza gundi," alisema Hilda. "Na usizianike juani. Zijaze magazeti ndani, uzizungushie karatasi za chooni juu, uziache kivulini. Karatasi inanyonya ile njano. Usipofanya hivyo zitakauka na mabaka kama ramani."

"Wewe umejulia wapi yote haya?"

"Viatu vyangu vya kazi si vyeupe, baba? Nilishaharibu jozi mbili nikiwa chuoni."

Tadei alifuata kila neno. Safari hii mashine ilinguruma kwa upole. Alipoingiza mkono ndani ya raba kuijaza gazeti, vidole vyake vilikuta vishimo vitano vya vidole vya mkewe, vilivyopenya soli ya ndani hadi chini, maji hayakuviondoa. Aliuacha mkono wake humo kidogo. Kisha akajaza gazeti.

Jumapili jioni alizibandua karatasi. Zilikuwa nyeupe. Pua ya mguu wa kushoto ilikuwa imefunguka kidogo. Aliitia gundi akaikandamiza chini ya gunia la mahindi usiku kucha. Asubuhi alizifunga kamba, akaziweka mlangoni kwa ndani, pua zikitazama nje.

Renatha alishuka kwenye basi akiwa ameshika ubavu wa mlango kwa mikono yote miwili. Alikuwa amenenepa, au ndivyo Tadei alivyodhani. Walishikana mikono mbele za watu, kama wazee wanavyofanya, naye Renatha akasema, "Umekonda," Tadei akasema, "Wewe umenawiri," wakapanda bajaji.

Nyumbani Renatha aliyasifia mapazia, akausifia ukuta. Alipoziona raba alisimama.

"Hizi bado unazo?"

"Nimezifua. Kwenye mashine yako."

Renatha alizichukua, akazigeuza, akanusa ndani. "Mimi kwa mswaki sikuwahi kuzitoa hivi," alisema taratibu. Alikaa kwenye kochi, akajaribu kuuingiza mguu. Haukuingia. Alilegeza kamba zote. Haukuingia. "Ni safari," alisema. "Kukaa usiku kucha kwenye basi. Kesho zitanitosha."

Jumanne hazikumtosha. Jumatano walikwenda Peramiho, Renatha amevaa ndala mpya zilizofichwa na gauni refu. Yohanes alipolala kifudifudi mbele ya altare Renatha alilia kwa ajili ya dada yake, na vigelegele vilipopigwa alijaribu kusimama, akakaa tena, akavipiga akiwa amekaa. Tadei aliliona hilo. Alijiambia ni uchovu.

Alhamisi asubuhi Tadei aliamka alfajiri, akachemsha maji ya kuoga, akamgusa bega. "Mama Dorine. Twende hadi njia ya Matogoro?"

"Kuna baridi," alisema Renatha, akajifunika.

Mchana wake Hilda alikuja kumsalimia mama mwenye nyumba. Walikaa uani kwenye jua, Renatha akipukuchua mahindi, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Hilda alikuwa akisema habari za zamu, ghafla akanyamaza. Aliinama, akabonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu wa Renatha, akauondoa. Shimo la kidole lilibaki pale pale, halikujaa.

"Mama," alisema, "unatumia dawa gani?"

Renatha alitazama upande wa Tadei, ambaye alikuwa kwenye ngazi akiangalia tangi. "Sema polepole," alisema. Lakini Tadei alikuwa ameshasikia. Alishuka ngazi kipandio kwa kipandio.

"Dawa za nini?"

Hilda aliinuka. Alikuwa na akili. Alisema ana nguo motoni, ingawa hakuna mtu anayepika nguo, akaenda chumbani kwake.

"Moyo," alisema Renatha. "Wanasema umetanuka. Nahudhuria kliniki kila mwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa nne."

Tadei alihesabu kimoyomoyo. Simu zaidi ya mia nne. "Mwaka jana, mwezi wa nne. Na kila jioni mimi nakuuliza habari za huko, na wewe unaniambia salama kabisa."

"Ningekuambia ungefanya nini huku peke yako? Ungekaa unawaza. Nilimkataza Dorine asikuambie."

"Mimi nilijua umenichoka."

Renatha aliacha kupukuchua. "Nani?"

"Wewe. Nilijua umezoea mjini, umezoea wajukuu. Nilijua huku hakuna kinachokuita tena."

"Na wewe ulikuwa unaniambia nini, Baba Dorine? Salama. Nimekula. Nimelala vizuri. Nikasema huyu mwanaume anaishi, hana shida, pengine amepumua nilipoondoka." Alichukua gunzi, akalitazama kana kwamba ndilo analozungumza nalo. "Hilda ameniambia leo. Kwamba mashine iligonga, ukaenda kuifungulia mlango."

Tadei alikaa kwenye mkeka. Ilikuwa miaka mingi hajakaa chini na mkewe mchana hivi. Alichukua hindi, akaanza kulipukuchua, punje zikaruka kwenye ungo. Aliona ni rahisi zaidi kusema kama mikono ina kazi.

"Renatha," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Dorine azaliwe. "Mimi huku siko vizuri. Sijui kukaa hivi. Napika ugali nusu nawamwagia kuku. Siku nyingine nafua mashuka yaliyo safi ili kitu kizunguke humo ndani ya nyumba."

Renatha aliusogeza mguu wake, ule uliovimba, mpaka ukagusa goti la mumewe, akauacha hapo. Walipukuchua mpaka ungo ukajaa.

Siku tatu zilizobaki walizungumza kuliko walivyozungumza miaka miwili. Renatha hawezi kubaki. Kliniki iko kule, daktari anayemjua yuko kule, na wiki mbili zijazo anapimwa tena. Basi aje Tadei. Hilo Tadei alikubali kwa kinywa, na moyo wake ukamfuata kwa nyuma ukiburuta miguu. Dar aliwahi kwenda mara moja, harusi ya Dorine, joto lilimpiga, hakujua bomba gani linapita wapi, na kila alipotaka kufanya kazi aliambiwa, "Kaa tu, baba." Alijua atakuwa mzee wa kwenye kiti, katika nyumba ya mkwe. Lakini alikuwa amejaribu kuwa mwenye nyumba bila mke, na hilo nalo alishalijua lilivyo.

"Nipe muda nimalize mahindi," alisema. "Niyapukuchue, niyatie dawa, niyafunge. Hilda ataangalia nyumba."

"Mwisho Agosti," alisema Renatha.

"Mwisho Agosti."

Jumapili jioni Renatha alimwita Hilda. "Mguu wako namba ngapi?"

"Thelathini na tisa, mama."

"Kama mimi. Kama mimi nilivyokuwa." Akampa raba. "Baba yako amezihangaikia. Zikikaa chini ya kitanda zitaoza. Vaa kazini."

Hilda alimtazama Tadei, asijue apokee au asipokee. Tadei alitikisa kichwa kukubali. Zilimkaa Hilda kama zilizopimwa, naye akatembea nazo hatua chache uani, kwa aibu, akisema asante, asante sana. Tadei aliingia ndani kutafuta kamba ya kufungia mzigo, ingawa kamba ilikuwa mkononi mwake.

Basi liliondoka Jumatatu. Renatha alikaa dirishani, akamwinulia kiganja kilichofunguka, bila kukitikisa. Tadei alisimama hadi likazama kwenye kona, akaendelea kusimama; mpiga debe akamuuliza, "Mzee, unaenda wapi? Tunduru? Mbinga?" Akamjibu kwamba haendi popote, akageuka.

Sasa kila asubuhi, kwenye saa moja, Hilda hupita mbele ya veranda akienda kazini. "Shikamoo baba!" Tadei huitika marahaba. Huangalia raba zile nyeupe zikivuka geti, zikikwepa dimbwi, zikipanda kuelekea barabarani kwa mwendo wa mtu mwingine, wa haraka, wa kijana mwenye zamu. Huwa haziangalii mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita, baada ya sala za jumuiya, aliwaambia watu kwamba Agosti anahamia kwa mkewe, ambaye anaumwa moyo. Mwenyekiti, Mzee Wendelini, akasema watamwombea mama, na wanawake wawili wakamshika mkono. Akiwa njiani kurudi aliona amesema jambo lile kwa sauti yake mwenyewe na halikumuua.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Alitandika turubai uani, akamwaga mahindi, akakaa katikati yake na kuanza. Kulikuwa na magunia tisa, na mikono miwili. Kufika saa kumi upepo wa Julai ulianza kushuka kutoka mlimani, wa baridi, ukipeperusha makapi hadi kwenye migomba. Tadei aliingia ndani akachukua koti, akalivaa, akalifunga vifungo vyote hadi shingoni. Kisha akavuta gunia la tatu.